Kadi za Mama Karimi

Kosa lilikuwa la Njagi, ingawa yeye alisisitiza mpaka mwisho kwamba lilikuwa la askari aliyeuliza swali la kijinga. Njagi alikuwa fundi cherehani kwenye veranda ya duka moja la Mhindi mjini Embu, na kila jioni alirudi kijijini mapema kwa sababu kafyu haikumngoja mtu. Siku hiyo homgadi, askari wa serikali aliyelinda lango la kijiji, alimwona na bahasha mkononi akataka kujua ndani mna nini. Njagi hakujua kujibu neno bila kulitia chumvi. Akasema, "Ni kadi tu, za mke wangu. Anataka kuwagawia watu."

Homgadi akachungulia ndani ya bahasha akaona karatasi nzito zenye rangi na maandishi. Kwa kuwa hakujua kusoma, na hakutaka ijulikane kwamba hajui, alimrudishia na kumwambia apite.

Mtu aliyezaliwa juzi ataona hapo hakuna neno. Lakini ilikuwa Desemba ya mwaka wa hamsini na sita, Hali ya Hatari, na katika Embu na Meru nzima neno kadi lilikuwa na maana moja. Kadi ilikuwa cheti cha serikali cha kusema wewe si wa Mau Mau. Aliyekuwa nayo alikwenda sokoni na kwa jamaa zake kama mtu. Asiyekuwa nayo alisimama mlangoni kwa hedimani, mkuu wa kijiji, asubuhi nzima, kofia mkononi, akiomba pasi ya siku moja, na mara nyingi alirudi bila pasi na bila asubuhi yake. Pale kijijini, juu ya mto Rupingazi, wanawake wengi hawakuwa na kadi, na Marcella mke wa Njagi, Mama Karimi, alikuwa mmoja wao.

Kufikia kesho yake, kabla mitungi haijajaa mtoni, kijiji kizima kilikuwa kimesikia kwamba Mama Karimi ana kadi za kugawa.

*

Marcella alikuwa mwanamke wa mipango. Zamani, kabla serikali haijawasomba kutoka mashambani na kuwapanga kwenye mistari ya vibanda, mtu alikuwa na majirani wanne watano, na zawadi za mwaka zilijipanga zenyewe. Sasa ulikuwa na kijiji kizima mlangoni pako. Mtoto akizaliwa mstari wa nne, unamsikia kilio. Msichana akiposwa, unaona mbuzi wakipita. Huwezi kujifanya hukujua, na ukijua lazima upeleke kitu. Watu walikuwa wakipeleka zawadi wanalala na njaa.

Kwa hiyo alitundika vibuyu darini. Kimoja cha uzazi, kimoja cha harusi, kimoja cha msiba, kimoja cha Krismasi. Kila mavuno alivijaza wimbi kabla ya kujaza chungu cha nyumbani, na sheria yake ilikuwa kwamba kibuyu hakikopeshi kibuyu. Mwaka ule, mwezi wa Aprili, yeye na Njagi walikula mboga za porini wiki mbili huku kibuyu cha harusi kikining'inia juu ya vichwa vyao kimejaa pomoni. Njagi alilalamika, lakini hakuna bibi harusi hata mmoja aliyepita mwaka ule bila kupata kitu kutoka kwake. Njagi alimwita Bwana Hazina, na ndani ya utani huo alijivunia mkewe.

Mwaka huo pia kulikuwa na kibuyu cha tano, kikubwa kuliko vyote. Hicho kilikuwa cha mjukuu.

Binti yao Karimi aliolewa Meru mjini na Mwiti, karani wa bohari ya Elmi, yule mwenye malori. Msichana wa kwanza wa Karimi alichukua jina la mama yake Mwiti, inavyotakiwa. Wa pili angechukua jina la Marcella. Hiyo ndiyo ilikuwa zamu yake, na Marcella aliingoja jinsi wengine wanavyongoja mvua. Dereva wa Elmi alipopita Embu akamwambia Njagi kwamba amezaliwa msichana, na kwamba atapewa jina Jumapili ya kabla ya Krismasi, Marcella alikaa chini pale pale jikoni akafunika uso kwa kitambaa chake cha kichwa.

Kisha alikwenda kuomba pasi. Gichovi, hedimani, hakumwambia aketi. Alimwuliza kama anafikiri serikali imewaweka kijijini ili waanze kutembeleana. "Mtoto hakimbii," akasema. "Hali ya Hatari ikiisha, utamkuta hapo hapo." Homgadi wawili waliokuwepo walicheka kwa sababu hedimani alikuwa anawatazama.

Marcella alirudi nyumbani akiwa ameumia sana, na hakuficha. Njagi ndiye aliyekumbuka kadi. Dukani kwa Mhindi, kila Desemba, wazungu walikuja kununua kadi za Krismasi wakazituma mahali wasipoweza kwenda wenyewe. Marcella alifikiri siku nzima, halafu akauza vibaba viwili vya kibuyu cha Krismasi, akaagiza kadi tatu na stempu. Moja ya Karimi, moja ya padre wa misheni, na ya tatu akiba, kwa ajili ya mtu atakayewaletea kitu bila taarifa.

*

Wa kwanza kuja alikuwa Lydiah, jirani wa ukuta kwa ukuta. Alileta kiondo chenye mayai, akakiweka chini kwa heshima ambayo hakuwa nayo siku zote.

"Mama Karimi, tumesikia," akasema. "Mungu amekukumbuka. Na wewe usitusahau."

Marcella aliona ni pongezi za mjukuu, akashukuru kwa moyo wote. Akayatoa mayai, na kwa kuwa kwa desturi ya huko kumrudishia mtu kiondo kitupu ni kumtukana, akakitia wimbi kutoka kibuyu cha uzazi. Lydiah alipoona kiondo kinarudi na wimbi alitabasamu sana, akaenda kuwaambia wenzake kwamba jambo limekubaliwa.

Mchana akaja mwingine na nduma. Kesho yake akaja mmoja na kuku, mwingine na ndizi. Wote walisema wamesikia, wote wakaomba wasisahauliwe. Marcella alishangaa jinsi kijiji kilivyompenda. Jioni alimwambia Njagi kwamba Hali ya Hatari imewaharibu watu kidogo tu, wema bado wanao. Njagi alikula yai akakubali.

Shida ilikuwa vibuyu. Cha uzazi kiliisha siku ya pili, cha harusi kikafuata. Vyondo vilikuwa vinakuja bado. Kisha msichana mmoja wa kazi akaleta kiondo chenye mshipi mwekundu kutoka nyumba ya hedimani mwenyewe, na ndani yake mna sukari ratili nzima imefungwa kwenye karatasi. Mke wa Gichovi alikuwa na ndugu yake aliyenyimwa kadi, na mumewe alikuwa ameapa hatamsaidia mlevi yule. Marcella hakuyajua hayo. Alijua tu kwamba nyumba kubwa imemheshimu, na kwamba kiondo kile hakiwezi kurudi na wimbi wa makombo. Akavunja sheria yake. Akateremsha kibuyu cha mjukuu na kuchota wimbi mweusi aliouchagua kwa mkono punje kwa punje. Alipoanza kuchota, aliendelea. Vyondo viwili vilivyofuata navyo vilijazwa humo humo.

Wa mwisho alikuwa Cucu Igoki, bibi wa kijiji kizima, mzee ambaye macho yake yalikuwa yamefifia na mdomo wake haukufifia hata kidogo. Alileta maharagwe kidogo kwenye kitambaa. Akasema, "Jina langu uliandike vizuri, mwanangu. Karani wa mara ya kwanza aliniandika Igoka, na kwa hiyo Igoki hana kadi mpaka leo."

"Kadi gani, cucu?"

"Hizi unazogawa."

Marcella alisimama na kitambaa mkononi. Mambo yote ya siku tatu yakampitia kichwani, mayai, nduma, kuku, sukari, na aibu ikampanda mpaka masikioni. Alikuwa amepokea hongo nyumba baada ya nyumba, na kila mara alikuwa ameirudishia risiti ya wimbi.

*

Njagi alishauri wanyamaze. Alisema uvumi hufa ukinyimwa chakula. Marcella alimwambia kwamba uvumi huu umekula vibuyu vyao vyote, kwa hiyo hautakufa upesi, na kwamba aliyeuzaa langoni hana haki ya kutoa ushauri. Njagi akaona heri aende kazini.

Asubuhi ile wanawake walikuwa kwenye kazi ya kijiji, kuchimbua handaki lililozunguka vibanda, ambalo mvua ililifukia kila wiki. Marcella aliweka jembe chini. Aliongea kwa sauti ya kusikika.

"Sina kadi ya serikali ya mtu yeyote," akasema. "Hata mimi mwenyewe sina. Nilizo nazo ni za Krismasi, karatasi za kutakiana heri. Nilidhani mnanipongeza kwa mjukuu. Aliyeniletea kitu kwa ajili ya kadi, aje jioni akichukue."

 Halafu Cucu Igoki, ambaye alikuwa amekuja tu kukaa ukingoni, alianza kucheka, akacheka mpaka akajishika mbavu, na wengine wakamfuata. Si wote. Mmoja alisema wazi kwamba mtu hali mayai ya watu siku tatu bila kujua yametagwa kwa ajili gani. Lydiah hakumtazama Marcella. Aliinama akaendelea kuchimba, na hilo lilimwuma Marcella kuliko maneno.

Jioni wawili walikuja. Mwenye kuku alimchukua kuku wake, akampapasa kuona kama amekonda, akaondoka. Mwenye ndizi alichukua zilizobaki. Hakuna aliyekumbuka kurudisha wimbi, na Marcella hakuwakumbusha.

*

Kesho yake aliitwa kwa hedimani. Homgadi walikuwa wamekwisha kuzichukua kadi tatu, nazo zilikuwa mezani zimepangwa kama ushahidi wa mauaji. Gichovi aliinua moja akaigonga kwa kidole. Ilikuwa na picha ya nyumba na miti, vyote vimefunikwa weupe.

"Nani amemwaga unga juu ya nyumba yote hii?"

Marcella alieleza kwamba padre aliwahi kusema kwao hushuka baridi ya namna hiyo, na watu hutembea juu yake. Gichovi aliona ni upuuzi, akaiweka chini.

"Sasa sikiza," akasema. "Wewe hukutoa kadi, hiyo nimeelewa. Lakini hawa wanawake walitaka kununua kadi. Hiyo ni kosa. Utanitajia kila mmoja, na watachimba handaki mpaka Pasaka. Ukificha hata mmoja, pasi utaisikia kwa wengine mpaka uzeeke."

Marcella aliogopa, na aliogopa kweli kweli. Jumapili ya jina ilikuwa siku tatu mbele. Akiwataja, Cucu Igoki na mgongo wake ule angepewa jembe. Asipowataja, mtoto wa Meru angepewa jina lake katikati ya watu wa upande mmoja, bila somo wake kuwepo kumpokea, kama mtoto asiye na watu upande wa mama.  Alitamani sana kuwa mtu wa kusema uongo.

"Bwana hedimani," akasema hatimaye, "mimi sijui kuchagua watu. Nikianza kutaja, nitataja kila kiondo kilichoingia kwangu na mlango kilikotoka. Hata kile cha sukari."

"Sukari gani?"

  Siku zile, kijijini kote, sukari ya ratili nzima ilikuwa nyumba moja tu, na nyumba hiyo ilionekana dirishani pale walipokuwa. Gichovi aligeuka akaitazama. Mkewe alikuwa uani akianika nguo.

"Kiondo cha mshipi mwekundu," akasema polepole.

"Ndiyo. Nilikirudisha na wimbi."

"Wimbi mweusi?"

"Mweusi. Niliuchagua mwenyewe."

 Siku mbili mfululizo Gichovi alikuwa amekunywa uji mzuri kuliko aliouzoea, akamsifu mkewe, na mkewe akajibu kwamba ni baraka za msimu. Aliwaambia homgadi watoke nje wakatazame langoni, ingawa langoni kulikuwa na mtu. Walipotoka alivuta kijitabu cha pasi, akalamba ncha ya penseli.

"Uliniomba lini?"

"Mwezi uliopita."

"Na mbona hukurudi tena kuomba? Mtu anaomba mara moja tu?" Aliandika kwa bidii, akimlaumu kwa uvivu wake. "Siku tano. Meru na kurudi. Na habari ya vyondo imekwisha, kwako na kwangu."

"Imekwisha, bwana hedimani."

Alimrudishia kadi mbili. Ya tatu, ile yenye unga, aliiacha mezani chini ya kiganja chake. Marcella hakuidai. Sukari ile ilikuwa imekuja bila taarifa.

*

Pasi ilikuwa mkononi, lakini kibuyu cha mjukuu kilikuwa kimebaki robo. Mwaka mzima wa kujinyima, na angekwenda mbele ya wakwe na kiondo chepesi. Alikaa chini ya vibuyu vyake vitupu akalia kidogo, kwa hasira kuliko huzuni. Njagi hakufanya utani. Alikwenda kwenye cherehani yake ya zamani ya nyumbani, na kwa vipande vya kaki vilivyobaki kutoka kaptura za homgadi, alizoshona dukani, akamshonea mtoto gauni. Alitia na mifuko miwili. Alisema angalau hakuna kizuizi kitakachomsimamisha mtoto huyo. Kisha akaongeza kwamba, kwa kuwa kadi ya Karimi inapelekwa kwa mkono, stempu moja imeokolewa. Hapo Marcella alicheka bila kutaka.

Alfajiri Lydiah alikuwa mlangoni. Alikuwa na mayai, yamechemshwa, yamefungwa kwa majani ya mgomba.

"Yale ya kwanza niliyaleta kwa ajili ya kadi," akasema akitazama kizingiti. "Sitakudanganya. Haya ni ya mtoto."

Cucu Igoki alituma maharagwe yake yale yale, na salamu kwamba aliyeandika jina lake vibaya amekwisha kusamehewa, ila asizoee. Sukari Marcella alikuwa amejaribu kuirudisha, lakini mke wa hedimani alimwapia mbele ya msichana wa kazi kwamba hajawahi kuiona. Kwa hiyo nayo ikaingia kwenye kiondo. Marcella alipokinyanyua kuweka mgongoni alikuta ni kizito, akalazimika kukiweka chini kwanza arekebishe kamba.

*

Alisafiri juu ya lori la Elmi, kati ya magunia ya chumvi. Kwenye daraja la Thuci askari walipekua kiondo wakala mayai mawili, wakaisoma pasi mara tatu. Kuanzia hapo vilima vilikuwa vya watu wengine, lakini migomba ilikuwa ile ile.

Chumba cha Mwiti, nyuma ya bohari mjini Meru, kilikuwa kimejaa wanawake. Mukiri, mama yake Mwiti, alimpokea kwa mikono miwili akamkalisha kwenye kiti pekee kilichokuwapo. Marcella alianza kuomba radhi papo hapo. Alisema wimbi ni kidogo, mambo yalitokea, mwaka ujao angejipanga vizuri zaidi. Alitoa sukari, maharagwe, mayai, kila kimoja na maelezo yake. Mukiri alimsikiliza kwa adabu mpaka alipofika kwenye gauni la kaki. Hapo aliliinua juu wanawake walione, akauliza huyu ni mjukuu au ni koplo, na chumba kikaangua kicheko ambacho hakikuwa na ubaya wowote.

Karimi akaja na mtoto akamweka mikononi mwa mama yake. Alikuwa mdogo, mwekundu, mwenye nywele nyingi, na alikuwa analia kwa nguvu zake zote. Marcella alimtazama, na yale yote aliyokuwa ameyashikilia tangu mlangoni kwa Gichovi yakamtoka. Akaanza kulia naye, mbele ya wakwe, bila kitambaa.

Mukiri akainama kati yao.

"Ciarunji," akasema kwa upole, "nyamaza sasa. Umefika nyumbani."

Kule misheni alikuwa Marcella. Kijijini alikuwa Mama Karimi, na siku za kuhesabiwa alikuwa mke wa Njagi, mstari wa pili. Ciarunji lilikuwa jina alilopewa na mama yake, na ndilo mtoto alilorithi; hakuna aliyekuwa amemwita yeye kwalo tangu mama yake azikwe.

Marcella akanyamaza mara moja, kama alivyoambiwa. Mtoto yeye aliendelea kulia.